Moto wa Nyumba ya Pampu

Kama hukuwahi kumwona Éliézer Ngoie akilia, basi wewe si mtu wa kuhudhuria vilio vya Kamina. Kwa miaka miwili hakuna aliyezikwa mjini kwetu bila machozi yake. Awe bwana mkubwa wa ofisi, awe bibi wa kuuza mihogo ambaye hata majirani walimjua kwa jina la utani tu, Éliézer angefika, angevua kofia, angekaa kando ya moto pamoja na wanaume, na kabla kiti hakijapata joto mabega yangeanza kutikisika. Alilia bila sauti, kitambaa mdomoni, mpaka wafiwa wenyewe wakawa wanaulizana huyu ni ndugu wa upande gani.

Watu wa Kamina, midomo yetu! Tulisema anafuata bukari, ugali wetu, na maharagwe ya wafiwa, maana wa namna hiyo wapo, na tunawajua kwa majina. Uongo mtupu. Kwenye kilio cha mtu Éliézer hakugusa hata maji. Wenye huruma kidogo walisema mzee wa watu ana moyo laini. Mimi ninayekusimulia nilikuwa pamoja na wale waliosema ni bukari, na leo naona haya.

Ukweli ni kwamba alikuwa akimlilia mwanawe, na nyumbani kwake ilikuwa marufuku kumlilia.

Alikuwa katibu wa shule moja ya Wametodisti, mtu wa miaka hamsini na saba, mwembamba, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya makaa, kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata wazazi walitunza bulletini za alama za watoto wao zilizojaa sifuri. Mkewe, Mira, alishona sare za wanafunzi barazani. Walikaa miaka tisa ya ndoa bila mtoto, wakivumilia masengenyo ya ukoo mzima, ndipo Mungu akawapa Nahum. Na unaijua desturi yetu: siku mtoto anapozaliwa, wazazi wanapoteza majina yao. Tangu hapo Mira akawa mama Nahum, Éliézer akawa baba Nahum. Wakipatana ni baba Nahum na mama Nahum. Wakigombana ni vilevile.

Nahum alikua, akapata diploma ya Serikali, kisha akakaa nyumbani. Kazi ingetoka wapi? Aliandika maombi, akayapeleka ofisi zote, akarudi kukaa. Siku moja mchana, Éliézer alitoka kazini na hasira zake nyingine kabisa, akamwona kijana ananyoosha mkono kwenye bukari, akasema: "Mwanaume ya miaka makumi mbili na ine, anakula tu bukari ya mama yake. Weye hausikie haya?" Nahum akaurudisha mkono. Alinawa, akatoka nje. Baada ya wiki mbili alipanda lori la kwenda upande wa Kolwezi kuchimba madini kama wanavyofanya vijana wetu, na hiyo nayo ni habari ya kutia hasira ambayo leo sitaianza.

Alichimba miezi saba. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, mvua ilipokuwa haikatiki, shimo lao likaporomoka. Chini walikuwa kumi na mmoja. Saba walitolewa. Wanne, Nahum akiwa mmoja wao, hawakupatikana; udongo uliwazidi waliowatafuta, na siku ya tano watu wakaweka majembe chini. Mwenzake mmoja, Hénoch, alikuja Kamina na begi la Nahum: suruali mbili, chaja ya simu, kitabu cha nyimbo za kanisa.

Wanawake wa ukoo walikuwa wameshaanza kufika na mikeka kichwani. Mira akasimama mlangoni, mikono miwili kwenye miimo.

"Mukunje mikeka yenu," akasema. "Nani kati yenu alimuona? Weye, Hénoch, uliona maiti yake?"

Hénoch akatikisa kichwa.

"Basi. Mutoto wangu iko muzima. Kumulilia muntu muzima ni kumuua, hata banyanya yetu balijua vile. Mwenye atawasha moto hapa, yeye njo atakuwa amemuua Nahum."

Nani angethubutu? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wakakunja mikeka wakaenda zao, na Éliézer akabaki amesimama uani, mikono haijui pa kukaa.

Sasa, kwetu sisi kilio si machozi tu. Kilio ni moto unaowashwa nje ya nyumba, wa magogo makubwa, wanaume wakiuzunguka, na kila anayefika anasukuma gogo ndani kidogo ili naye awe ameulisha. Ni matawi ya mchikichi yanayosimikwa kando ya barabara ili wapita njia wajue. Ni mikeka ya wanawake. Siku moto unapozimwa na majivu kufagiliwa, marehemu amekwenda zake, na wewe unaanza kujifunza kuishi. Nyumbani kwa Éliézer hakikuwashwa hata kijiti. Kila Jumamosi Mira alifua mashuka ya Nahum na kuyaanika. Mchungaji alipokuja kuwaombea, alionywa kwanza asilitaje neno marehemu.

Na lile neno la bukari, Éliézer alibaki nalo kooni peke yake. Hakujua kama mkewe alilisikia. Siku ile Mira alikuwa jikoni. Hakumuuliza, kwa sababu aliogopa jibu.

Mara ya kwanza alilia kwenye kilio cha mama wa mwalimu mmoja wa shuleni. Machozi yalimtoka yenyewe, na pale hakuna aliyemshangaa, maana mahali pa kulia ni pale. Akarudi nyumbani kifua kimepungua uzito kidogo. Wiki iliyofuata akaona matawi mtaa mwingine, akaingia. Basi ikawa hivyo. Akitembea mjini macho yake yalikuwa yanatafuta matawi ya mchikichi, na akiyaona moyo unamdunda, Mungu amsamehe, kwa kitu kilichofanana na furaha.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja. Alikuwa ametoka kupeleka orodha za wanafunzi kwa mkaguzi, akaamua kukata njia nyuma ya reli, upande ambao hakuwa na desturi ya kupita. Huko kuna nyumba ya pampu. Ilijengwa kwa matofali mekundu zamani za treni za mvuke, kuvuta maji ya kunywesha mashine. Mashine za mvuke zilikwisha, pampu ikang'olewa, tangi likauzwa, ikabaki nyumba. Na nyumba gani! Madirisha hayana vioo, ukuta mmoja umeinama umeegemezwa kwa kipande cha reli, mti umeota juu ya paa, na moshi wa miaka umeipaka weusi mpaka kwenye vigae. Watoto wetu tuliwakataza kupita karibu kwa ajili ya nyoka.

Éliézer aliona matawi ya mchikichi yamesimikwa kando ya barabara. Aliona turubai la buluu limetandwa mbele ya ile nyumba. Chini ya turubai aliona moto mkubwa wa magogo, na wanaume kama kumi na watano kwenye viti vya plastiki, vichwa vimeinama, hakuna anayesema neno.

"Maskini," akajisemea. "Muntu alikuwa anaishi mu nyumba ya vile."

Alivua kofia. Aliingia polepole kama inavyotakiwa, akainama mbele ya moto, akashika gogo kubwa na kulisukuma mpaka katikati, cheche zikaruka. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi, akatoa kitambaa. Hakungoja hata dakika tano. Siku ile Nahum angetimiza miaka ishirini na saba.

"Nani?" sauti ikanguruma kutoka ndani. "Nani anasukuma kuni mu moto yangu?"

Akatoka mtu mfupi mpana, rozari shingoni, aproni ya gunia la unga, koleo mkononi. Huyo alikuwa Amédée Monga, mwenye mahali pale. Alilivuta gogo nje kwa hasira huku akikohoa.

"Moshi yote hii! Nyama itanuka moshi! Tangu saa kumi na moja ya asubui ninachunga makala, muntu anakuya tu anasukuma! Ni weye, papa?"

"Pole, ndugu," Éliézer akasema, kitambaa bado usoni. "Nilikuya ku kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya... ya ule alikufa hapa."

Amédée akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Hapa kufa ilikufa mbuzi, papa. Mbuzi mbili."

Lo! Walicheka wale wanaume! Mmoja alipaliwa ikabidi apigwe mgongoni. Ndipo Éliézer alipotazama vizuri, akaona kwamba kila aliyeinama ameinamia karatasi ya kaki iliyofunguliwa magotini, na ndani ya karatasi kuna nyama. Walikuwa kimya kwa sababu walikuwa wanakula. Nayo matawi? Mvua ilikuwa imechimba korongo pale kando ya barabara, muuguzi mmoja na pikipiki yake wakatumbukia, na Amédée akasimika matawi kama wanavyofanya wenye malori wakiharibikiwa njiani. Hakuwa na kibao cha kusema anauza nini. Mwenye pua, alisema, hahitaji kibao.

Éliézer alisimama aondoke, aibu imempanda mpaka masikioni. Lakini machozi hayana breki; yaliendelea kumtoka huku akitafuta kofia yake. Kicheko kikapungua, kikaisha. Amédée alishusha koleo.

"Ikala, papa," akasema kwa sauti nyingine, akimsogezea kiti. "Christelle! Letea papa mbavu, na bukari."

Christelle, binti yake, msichana mkubwa mwenye haraka, akaleta beseni la kunawa, kisha karatasi ya kaki iliyokolea mafuta. Éliézer aliombea chakula kwa desturi tu. Akamega, akachovya kwenye pilipili, akatia mdomoni.

Nikwambie ukweli, nami nimeshaila nyama ile mara nyingi. Michopo inachomwa kila kona ya Katanga, na sehemu nyingi ni makaa ya sokoni na haraka, nje imeungua ndani mbichi. Amédée hanunui makaa. Anawasha magogo ya mti mgumu alfajiri, anangoja yaanguke yenyewe, anachota makaa yaliyoiva tu na kuyapeleka ndani, mahali palipokaa pampu, ambako kuna shimo la matofali na upepo haufiki. Mbuzi analala na chumvi na vitunguu saumu, anafungwa kwenye kaki, anaiva taratibu. Mwisho anafunguliwa akauke ngozi. Mfupa unauvuta kwa vidole viwili. Jengo lile baya, ambalo sote tulilikimbia, lilikuwa linaficha nyama bora kuliko yote niliyowahi kula, na hapo nahesabu na za harusi.

Éliézer alikula. Alimaliza mbavu, akamaliza bukari, akajikuta analamba kidole. Kidole kikamganda mdomoni. Kwa miaka miwili hakuwa amesikia njaa; alikula kwa sababu Mira alipakua. Sasa njaa imerudi, na mwanawe yuko chini ya udongo hana hata kaburi, naye analamba mafuta! Alijichukia pale pale, kwa chuki ya kweli. Akaisukuma karatasi.

Amédée alikuwa ameketi mbele yake bila yeye kujua. "Ni nani alikufa kwako, papa?"

Na Éliézer, ambaye hakuwahi kulitamka jambo hilo kwa mtu yeyote, alilitamka kwa mchoma nyama.

"Mutoto wangu. Mumoja tu nilikuwa naye."

"Lini?"

"Miaka mbili inapita."

"Na haujamaliza kilio?"

"Hatujaanza," Éliézer akasema. Akamweleza yote: shimo, begi, mikeka iliyokunjwa. La bukari hakulieleza.

Amédée aliigeuza rozari vidoleni muda mrefu. "Minyi siwezi kukuambia kitu juu ya bibi yako," akasema mwishowe. "Kwetu ku muji, mama akikatala, hata chifu anarudi. Lakini weye utazunguka mu bilio ya bantu mpaka lini? Ukuye hapa. Ikala, kula, lia kama unataka. Kuni tu usiniguse."

Basi akawa anarudi. Kila Jumamosi, akitoka shuleni, anakata njia nyuma ya reli. Wale wateja, madereva, wachuuzi, askari mmoja mstaafu, walimzoea. Walijua habari zake kwa sababu Kamina hakuna siri, ila hawakumuuliza kitu. Walimsogezea kiti tu. Siku nyingine alilia, siku nyingine alikula bila kulia, na siku hizo ndizo zilizomtisha zaidi. Vilio vya watu aliviacha. Tukasema labda ameugua.

Lakini moshi wa mbuzi hautunzi siri. Mira alifua mashati yale. Wiki ya kwanza alinusa akanyamaza, wiki ya pili vilevile, wiki ya sita akamsubiri mumewe mlangoni na shati mkononi.

"Baba Nahum, uniambie kweli. Uko na deuxième bureau, mwanamuke wa kando?"

"Minyi?"

"Ni weye! Kila samedi unarudi mafuta ku midomo, bukari yangu unaiangalia sawa vile dawa. Nani anakupikiya nyama? Ni mwanamuke wa wapi?"

Éliézer alicheka. Kicheko kilimshangaza hata yeye. Nyumba ile ilikuwa imesahau sauti yake. "Mama Nahum, mwanamuke mwenyewe iko na ndevu."

"Usinicheke. Minyi nataka kumuona na macho yangu."

"Samedi tutaenda."

Wiki ile nzima Éliézer alikuwa na furaha ya kitoto. Alipanga atakachosema wakifika: hii njo deuxième bureau yangu, mama Nahum, umusalimie. Alimwona Mira akivuta mbavu kwa vidole viwili, Mira akila akashiba, labda hata akacheka. Hakufikiri zaidi ya hapo, naapa hakufikiri. Mwanamume akitamani kumwona mkewe anakula, anasahau mambo mengine yote.

Jumamosi ikafika. Mira alifunga kikwembe chake cha kitenge mara mbili, akavaa viatu vya chini. Mwanamke akivaa viatu vya chini kwenda kumwona deuxième bureau, mpishe njia. Walivuka reli saa tisa ya mchana, yeye mbele, mumewe nyuma. Mvua za mwezi wa kwanza zilikuwa zimelipanua lile korongo, na Amédée alikuwa ameongeza matawi, sasa ni mstari mzima. Turubai lilikuwa limetandwa. Moto ulikuwa unawaka. Wanaume walikuwa kwenye viti, wameinama, kimya.

Mira akasimama. Hasira yote ikamtoka usoni. Kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyofanya anapokaribia mahali pa msiba, ili ajue atakwenda kulia kwa jina gani, akashusha sauti akamuuliza mumewe:

"Kilio ya nani?"

Éliézer alifungua mdomo kumwambia hapana, mama Nahum, hii haiko kilio, ni michopo. Neno lilikuwa tayari ulimini, na kicheko nyuma yake. Lakini alimtazama yule mwanamke, mvi zilizotokeza kando ya kitambaa chake, vidole vilivyotobolewa na sindano, macho yaliyomuuliza kwa huruma juu ya maiti ya mtu asiyemjua. Akaona kwamba hatampata tena akimuuliza swali lile.

"Ya Nahum," akasema.

Mira akarudi nyuma hatua moja.

"Nahum alikufa, mama Nahum. Ni miaka mbili sasa. Iko chini kule na hatumulilie."

"Nyamaza."

"Ni minyi nilimutuma kule. Ile siku, juu ya bukari..."

"Nilisikia!" Mira akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Unazani sikusikia? Nilikuwa nyuma ya mulango na kisu mu mukono. Nilikuchukia, baba Nahum. Lakini si weye."

"Ni minyi."

"Si weye! Nahum alikosa pesa ya nafasi mu lori. Alirudi kwangu anasema, mama, Mungu amekatala, nitabakia tu. Alitaka kubakia, unasikia? Na minyi nikaenda ku soko kuuza kikwembe ile mama yangu alinipa ku ndoa, nikamuletea pesa ya lori. Nikamwambia, enda, mwanangu, usikae hapa kuzarauliwa. Minyi njo nilimwambia enda." Alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwa nguvu hata kucha zikaingia. "Kama alikufa, basi ni minyi. Juu ya ile hawezi kuwa alikufa. Unasikia? Hawezi!"

Miaka miwili kila mmoja alikuwa amelala na dhambi yake kwenye kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye asiyeambilika. Éliézer alimkumbatia hapo barabarani, mchana kweupe, jambo ambalo mwanamume wa makamo yake hafanyi Kamina.

"Alikufa, mama," akamwambia kwenye kitambaa cha kichwa. "Alikufa. Alikufa."

Mira alijitoa mikononi mwake. Alikivua kile kitambaa polepole, akakifunga kiunoni, nywele zake zikabaki wazi. Kisha akaweka mikono kichwani, na sauti ikamtoka.

Sitaweza kukuelezea sauti ile. Mimi nilikuwa pale, siku hiyo nilikuwa mmoja wa wale wa kwenye viti, na karatasi yangu ilianguka na nyama yake. Alimwita Nahum kwa jina, kisha kwa jina la babu yake, kisha kwa majina ya Kiluba ya kumbembelezea mtoto mchanga ambayo mama hayatamki mbele ya watu. Alitembea kuja kwetu akilia, hajui anakanyaga wapi, na Éliézer alikimbia kumshika asitumbukie kwenye korongo.

Tulisimama sote. Hakuna aliyetuambia tusimame. Yule askari mstaafu alivua kofia. Tulisogeza viti vyetu kando ya moto kama vinavyopaswa kuwekwa, na aliyekuwa na mafuta mikononi aliyafuta kwenye suruali yake. Amédée alitoka ndani na koleo, akaangalia mara moja, akarudi, akaondoa nyama yote kwenye makaa na kuifunika. Kisha akatoka na gogo begani, na jingine, na jingine. Christelle alikimbia nyumba za jirani, na wanawake ambao hawakumjua Mira wala Nahum wakaja na mikeka. Walimketisha chini, wakamzunguka, wakalia pamoja naye, kila mmoja na marehemu wake.

Éliézer aliketi upande wetu. Kwa mara ya kwanza hakuweka kitambaa mdomoni. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na sisi tuliokuwa tumemsengenya kwa ajili ya bukari tulikaa bega kwa bega naye tukatazama chini.

Jua lilipoanza kupungua ikaja pikipiki na watu wawili, wafanyakazi wa ofisi fulani, mashati yamechomekewa. Walikuwa wametumwa nyama. Mmoja alishuka akiwa bado anaongea kwa simu.

"Christelle! Mbavu ya bantu tano, na pilipili mingi!"

Christelle akaenda kuwapokea kabla hawajafika karibu. "Leo hatuuzishe, papa," akasema. "Kuko kilio."

Yule bwana akakata simu. Akatazama turubai, akatutazama sisi, akatazama ile nyumba ya pampu kama anaiona leo.

"Pole. Kilio ya nani?"

Christelle alitugeukia, hakujua ajibu nini. Éliézer akainua kichwa. Lakini aliyejibu alitoka kwenye mikeka, katikati ya wanawake, kwa sauti iliyokauka kabisa.

"Ya mutoto wangu," Mira akasema. "Nahum. Muikale."